Voisi ya mtu wako usiisikilize kwa kasi, na msibani rudi tena

Jamani tuongee kidogo kuhusu hizi pole za kwenye grupu. Mtu akifiwa, dakika chache tu grupu limejaa "pole sana", vimishumaa, mwingine anakopi ya mwenzie wa juu anapesti, mchango unatumwa kwa simu, jina linaingia kwenye listi, basi watu wanaona wamemaliza. Mchango muhimu, msiba una gharama na sitaki mtu aache kuchanga. Ila aliyefiwa mpaka hapo hajasikilizwa na mtu yeyote.

Sisi bwana jambo zito hatuanzi nalo. Utamuuliza mtu habari za nyumbani atakujibu nzuri, watoto hawajambo, kazi inaenda, ndo baadae kabisa anakwambia "ila mama hali yake si nzuri, kalazwa toka juzi." Ukiwa umekaa nae unaona kabla hajasema, anavuta vuta pindo la kanga, anakujibu huku anaangalia mlangoni. Kwenye chati ni mambo, poa, imeisha hiyo.

Afu kuna hili la voisi. Toka 2021 WhatsApp waliweka kitu cha kusikiliza voisi kwa kasi, mara moja na nusu au mara mbili, na najua wengi mnaitumia. Kwa mambo ya kazi sawa, ila mama yako, dada yako, rafiki yako aliyetoka kuachika, hao wasikilize kwa mwendo wao wenyewe. Nina shangazi yangu Tanga, kwenye voisi zake kuna sehemu anavuta pumzi ndefu kabla ya kusema "haya, sisi tupo", na mimi nikishaisikia ile pumzi najua mguu umeanza tena kumsumbua na hataki nihangaike kutuma hela ya dawa. Ukiweka mara mbili ile pumzi huisikii, unabaki na maneno tu, na maneno yake siku zote yanasema hawajambo.

Turudi kwenye msiba. Kuzika nenda kama wengine, ila rudi tena watu wakishatawanyika, turubai limeshushwa na viti vya kukodi vimerudishwa, maana hapo ndo nyumba inakuwa nzito kweli kweli. Simu iache kwenye pochi. Usiende na hotuba, na usikimbilie kumwambia kazi ya Mungu haina makosa, ameshaambiwa na kila mtu. Omba kazi. Kaeni mchambue mchele, kila mtu na ungo wake, mikono ikiwa na kazi na hamtazamani usoni mtu anafunguka mwenyewe, ataanza na marehemu alivyokuwa anapenda chai ya tangawizi, atacheka, katikati ya kucheka atalia, wewe endelea kutoa mawe kwenye mchele, usimkatishe.

Na nyie mlioko Muscat, Doha, Minnesota, naelewa huwezi kupanda ndege kila msiba. Basi piga simu, usiandike, na upige wiki zile za baadae simu za watu zikishapungua. Akinyamaza usianze halo halo kama vile mtandao umekata, kaa kwenye laini umsubiri. Tena bando liweke la kutosha kabla hujapiga, lisije likakata ndo kwanza anaanza kusema.