Umeuliza Pa Kwenda, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, kisha mama yako akaisoma tena kwa sauti ili nisije nikajifanya sijaelewa. Unauliza kati ya Kuwait, Hanoi na Marekani, wapi panamfaa zaidi mwalimu wa hisabati ambaye mkataba wake unaisha Agosti. Umeweka kila kitu kwenye jedwali: mshahara, nyumba, tiketi, bima, hata vipindi kwa wiki. Jedwali zuri, na subira hiyo hukuirithi kwangu. Limekosa safu moja tu, nayo ndiyo ambayo mimi ningeanza nayo: ukitaka kuondoka, utaondokaje?

Najua, baba ameanza tena. Ndiyo, nimeanza tena. Kuingia si kazi, mwanangu. Wanaokuhitaji watakungoja uwanja wa ndege na bango lenye jina lako. Mlango wa kuuchunguza ni wa kutokea.

Ulipozaliwa sikuwepo, hilo unalijua. Mama yako huwaambia watu kwamba nilikosa ndege, na miaka yote nimemwachia aseme hivyo kwa sababu ni maelezo mafupi. Sikukosa ndege. Tiketi ilikuwa mfukoni. Ile shule niliyofundisha kule Ghuba ilifungia pasipoti zetu kwenye kasiki ya ofisi, na mtu hakutoka nchini bila saini ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Kafili alikuwa safarini. Msaidizi wake, kijana mpole ambaye hadi leo nashindwa kumchukia, alinifungulia kasiki nijionee kwamba pasipoti yangu ni salama, akaifunga, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa. Ndege ikaruka, nami nikaenda darasani kufundisha milinganyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba lile ndilo darasa bora nililowahi kupata. Simu ya kuzaliwa kwako ilipokuja, vijana wote walisimama wakapiga makofi. Mmoja wa dawati la nyuma, mvivu kuliko wote, akaja ubaoni, akafuta x, akaandika herufi ya kwanza ya jina lako. Hadi muhula unaisha tulikuwa tukikutafuta wewe upande wa kushoto wa mlinganyo! Sasa niambie, mtu kama mimi ataisemaje Ghuba vibaya? Nilinyimwa kukuona kule, na kule kule nikasherehekewa kama mfalme.

Tena mambo yamebadilika, lazima niwe mwadilifu. Qatar iliondoa ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018. Saudi Arabia, tangu Machi 2021, inamwezesha mfanyakazi wa sekta binafsi kuomba mwenyewe viza ya kutoka na kurudi bila kumngoja mwajiri akubali. Nilikuwa karibu kukwambia nenda Kuwait, jedwali limesema. Halafu nikasoma kwamba Kuwait, kuanzia tarehe 1 Julai 2025, imemtaka mgeni anayefanya kazi sekta binafsi apate kibali cha mwajiri kabla hajasafiri. Shule binafsi zimo humo. Utaniambia siku hizi ni kielektroniki, unaomba kwa simu na mkuu wako anaidhinisha akiwa kitandani. Huenda ni kweli. Huenda hutasumbuliwa hata mara moja. Mimi pia sikusumbuliwa, mpaka siku ile.

Hata fedha, ukizitazama vizuri, zinarudi kwenye mlango uleule. Kuwait hawakati kodi ya mapato, na umelikolezea rangi hilo. Lakini kiinua mgongo, kwa sheria yao ya kazi ya 2010, kwa mwenye mshahara wa mwezi ni malipo ya siku 15 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Ukijiuzulu katika mkataba usio na kikomo kabla ya miaka 3, huambulii kitu. Ili upate chote uwe umetimiza miaka 10. Mkataba wa muda maalumu ukiisha wenyewe, unalipwa kikamilifu. Wako ni upi? Barua yako haisemi.

Vietnam watakukata kodi, na ngazi ya juu kabisa inafika asilimia 35. Kibali cha kazi hakizidi miaka 2, kinaongezwa mara moja, baada ya hapo unaanza kuomba upya na vyeti vyako vyote vilivyothibitishwa. Usumbufu, nakubali. Ila sheria yao ya kazi, iliyoanza kutumika 2021, inamruhusu mwenye mkataba wa miezi 12 hadi 36 kuacha kazi bila kutoa sababu, mradi atoe notisi ya siku 30. Siku 30! Mama yako anasema naipendelea Hanoi. Siipendelei. Nasoma tu kilichoandikwa.

Marekani nitapita haraka. Kwa viza ya J-1, ile ya mpango wa kubadilishana walimu, utakaa miaka 3, pengine uongezewe 1 au 2, kisha ukae nje ya nchi miaka 2 kabla ya kuja tena kwa mpango huohuo wa walimu. Huko huna haja ya kutafuta mlango wa kutokea, watakuonyesha wenyewe.

Mama yako ana neno, na siwezi kulipuuza. Anasema mtu anayekaa akiangalia mlango hafungui hata sanduku. Wenzangu wa Ghuba ambao hawakuwahi kuuliza swali langu walikaa, wakasomesha watoto, wakajenga. Labda wao ndio waliojua kuishi, nami nimekuwa nikilinda pasipoti tu. Sijui. Usiku nakubaliana naye, asubuhi sikubaliani. Wewe na mwenzako bado hamna mtoto wa kuwahi kuzaliwa kwake, sawa, lakini mkataba ni wa miaka miwili.

Hiyo shule yako inayotaka ujibu kabla ya Desemba kama unabaki au unaondoka, huku shule nyingine hazijakupa chochote cha kusaini, isikutie kiwewe. Shule nyingi za kimataifa hufanya hivyo, na si wewe wa kwanza kubanwa.

Sitakuchagulia. Nimemwahidi mama yako, na ameketi hapa anasoma ninachoandika. Nitumie kurasa za mwisho za mkataba wa Hanoi, maana umenipa za mwanzo tu, nione wanasemaje juu ya tiketi ya kurudi ukiondoka mapema. Na za Kuwait pia, kama bado unaifikiria, ingawa sioni kwa nini uifikirie.

Baba yako