Ulivuna sahani ipi kwanza?

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili kanitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Dawa yangu inazima RhoA kabisa kwenye misuli ya njia za hewa. Nianze kuandika makala?" Moyo ulinidunda. Ujumbe wa namna hiyo niliwahi kumwandikia msimamizi wangu, tena usiku wa manane, na ukanigharimu miezi minane.

Mimi nimekua na pumu. Nakumbuka Tanga, usiku, mama kaniegemeza ukutani kwa mito miwili, kifua kinapiga filimbi, nahesabu pumzi moja moja hadi alfajiri. Kwa hiyo nilipokwenda Uingereza kusomea uzamivu nilikuwa na swali langu tayari: nini hasa kinaukaza ule msuli, na kwa nini haulegei?

Shuleni tulifundishwa kwamba kalsiamu ikipanda ndani ya seli, msuli unajikaza. Ni kweli, ila hadithi haiishii hapo. RhoA ni protini ndogo katika ukoo wa GTPezi, yaani protini zinazoshika na kukata molekuli ndogo iitwayo GTP, na inafanya kazi kama swichi: ikishika GTP imewaka, ikiikata ikawa GDP imezimika. Ikiwaka inaamsha kimeng'enya kiitwacho ROCK, nacho kinaibana fosfatasi, kimeng'enya kingine ambacho kazi yake ni kuilegeza miosini, protini inayouvuta msuli. Basi msuli unabaki umekaza kwa kalsiamu ileile, bila kuongezewa hata chembe. Nilipolielewa hilo nililia, sioni haya kusema. Japani wanatumia fasudil, dawa inayozuia ROCK, tangu 1995, lakini ni kwa mishipa ya ubongo inayobana baada ya damu kuvuja. Kwa pumu bado hakuna dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa. Nikajiona mimi ndiye nitakayeileta.

Kipimo chenyewe kinakwenda hivi. Unazivunja seli, unanasa RhoA iliyowaka peke yake kwa shanga zilizobeba kipande cha protini ya rhotekini, halafu unaisoma kwenye geli inayotenganisha protini kwa ukubwa: utepe mwembamba karibu na kilodaltoni 21, kipimo cha uzito wa protini. Tatizo ni kwamba RhoA haijui kuwa seli imekufa. Ndani ya mrija inaendelea kuikata GTP yake, na barafu inaipunguza kasi tu.

Mimi nilikuwa navuna sahani kumi na mbili za seli peke yangu, yaani kuzivunja seli zake moja baada ya nyingine, na kila mara nilianza na zenye dawa, kwa sababu ndizo nilizozipenda. Zikikaa kwenye barafu dakika ishirini na zaidi zikisubiri wenzake. Tepe zake zilitoka hafifu, za sahani zisizo na dawa zikatoka nyeusi, nzuri kama wino. Nikatengeneza bango la mkutano.

Siku ya kikao cha tathmini, mzee mmoja mjumbe wa kamati aliutazama mchoro wangu kimya, kisha akauliza: "Ulivuna sahani ipi kwanza?" Watu kumi na moja mezani. Nilijibu, na nikaelewa nikiwa bado nazungumza. Msimamizi wangu alikuwa akiijua ratiba yangu wiki kwa wiki, na pale mezani hakufungua kinywa. Hilo bado linaniuma kuliko miezi yenyewe.

Nilirudi maabara nikageuza mpangilio. "Athari ya dawa" nayo ikageuka: safari hii zilizofifia ni zile zisizo na dawa. Mwaka uliofuata sina haja ya kuusimulia. Mwezi uliopita nimeitetea tasnifu yangu na kufaulu, na sura ya tatu inaeleza kosa hili lote, kurasa kumi na nne. Najivunia sura hiyo kuliko nyingine zote.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaotaka kuitibu pumu kama ninavyotaka mimi: badilisheni mpangilio wa kuvuna kila siku ya kazi. Vuneni sahani mbili, gandisheni papo hapo kwenye nitrojeni ya kimiminika, ndipo mshike nyingine. Zinyimeni seli seramu tangu jana yake, maana seramu ina mafuta yanayoiwasha RhoA yenyewe, na sahani ya kulinganishia itang'aa sawa na iliyochokozwa makusudi ili RhoA yake iwake. Wekeni mrija mmoja wenye GTP bandia isiyokatika. Mimi niliuacha nikibana matumizi, nao ungenionyesha mapema utepe uliowaka kweli unavyofanana. Na rudieni. Matokeo mnayoyapenda ndiyo ya kurudiwa mara nyingi zaidi, kwa sababu yale msiyoyapenda mtayarudia hata bila kuambiwa. Kuna mtoto kakaa ukutani na mito miwili usiku huu, tusimpelekee kosa la barafu.

Wewe uliyeniandikia, marahaba. Makala isubiri. Nitumie picha ya geli nzima, isiyokatwa pembeni, pamoja na ile ya RhoA yote, iliyowaka na iliyozimika, na uniandikie saa uliyovunja kila sahani.