Gari likichemka mlima Kitonga

Ndugu, umeuliza ufanye nini gari likichemka Kitonga, mlima wenye kona kali mkoani Iringa, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ukiwa na familia. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita ili ipunguze joto la injini, kisha tafuta nafasi nje ya barabara, kwa sababu kusimama kwenye kona zile, malori yakiwa yanashuka, ni hatari kuliko injini kuharibika. Weka pembetatu za tahadhari mbali na gari. Nakusihi sana usifungue mfuniko wa rejeta, yaani kifaa cha kupoza maji ya injini, kabla injini haijapoa kabisa, maana maji ya moto yenye shinikizo humrukia mtu usoni, wala usiimwagie injini maji baridi, kwani silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, inaweza kupasuka. Ikishapoa, ongeza maji polepole, ukague mipira ya kupitisha maji na feni.