Jeonbuk ya Kim Min-jae

Kaka, umeuliza kama Jeonbuk aliyotokea beki wa Korea Kusini Kim Min-jae ni timu kubwa au alikuwa tu na bahati. Ni vigogo hao! Jeonbuk Hyundai Motors, jezi za kijani, maskani Jeonju, ilianzishwa 1994 na imebeba ligi ya Korea Kusini mara 10, zikiwemo tano mfululizo 2017 hadi 2021. Kim alikuwepo 2017 na 2018, akachukua ubingwa misimu yote miwili, kisha akaenda klabu ya Beijing Guoan ya China.

Ubingwa wa klabu za Asia wanao mara mbili, 2006 na 2016. Ila 2011 walipoteza fainali kwa penalti mbele ya Al Sadd ya Qatar, tena nyumbani kwao. Ile iliuma.

Kilichonishangaza zaidi ni 2024: waliponea chupuchupu kushuka daraja kwa mechi za mchujo. Akaja kocha Gus Poyet, 2025 wakabeba ligi na Kombe la Korea! Kikosi kile kilikuwa na kipa Song Bum-keun, nahodha Park Jin-seob, Hong Jeong-ho nyuma, na Jeon Jin-woo akifunga mabao kuliko wenzake wote kikosini. Poyet naye akaaga msimu ulipoisha.