Umeme wa jua unawekwaje ardhini, na mbona hesabu zake ngumu?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nasikia umeme wa jua na upepo ukizidi unaweza kuhifadhiwa chini ya ardhi hadi msimu mwingine. Unafukiwaje? Na kama watu wamechimba gesi miaka yote hii na kompyuta zipo kibao, mbona wataalamu wanasema kuukadiria bado ni kazi?

JIBU: Salama kabisa ndugu msomaji. Umeme wenyewe haufukiwi, unageuzwa kwanza. Ukizidi unautumia kusukuma hewa kwa presha kubwa kwenye pango lililochongwa ndani ya tabaka la chumvi chini ya ardhi, ukiuhitaji unaifungulia ile hewa izungushe turbaini, na mambo haya yapo Huntorf kule Ujerumani toka 1978 na McIntosh, Alabama, Marekani toka 1991, ingawa zote mbili bado zinachoma gesi kuipasha hewa inapotoka. Au unatumia umeme kutenganisha maji upate gesi ya haidrojeni, halafu hiyo ndo unaishindilia chini.

Pango la chumvi lina afadhali, ni kama chupa kubwa tu, na Teesside huko Uingereza wameweka haidrojeni humo tangu 1972. Shida yake chumvi inatambaa polepole, ukipandisha na kushusha presha mara kwa mara kuta zinasogea, lazima upige hesabu. Ila chumvi ya namna hiyo haipo kila mahali, ndo maana watu wanaangalia miamba yenye vitundu iliyowahi kushika gesi au inayoshika maji ya chumvi, na hapo ndo kichwa kinauma.

Mwamba huo hauna uwazi mmoja, ni kama sponji gumu lenye vitundu vingi vyembamba kuliko unywele. Haidrojeni ni nyepesi na laini mno kuliko maji, kwa hiyo ukiisukuma humo haiyaondoi maji sawasawa, inakimbilia juu na kupenya kwa vidolevidole. Sasa wewe unayetengeneza modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazouiga mwamba, unaona nini? Visima vichache tu, katikati yake mamia ya mita unakisia, halafu kompyuta inaugawa mwamba vipande vya makumi ya mita wakati kinachoamua gesi ipite wapi ni kitundu cha maikromita kadhaa, yaani vielfu vichache vya milimita.

Na kuchimba gesi ni safari moja, unaitoa basi. Hapa unaingiza, unatoa, unaingiza tena, na mwamba unakumbuka! Gesi haitoki kama ilivyoingia, nyingine inanaswa kwenye vitundu ikizungukwa na maji, kwa hiyo vipimo ulivyochukua wakati wa kuingiza ukivitumia kwa kutoa umeshapotea.

Kinachonigusa zaidi mimi ni vijidudu. Lobodice, Ucheki, walihifadhi gesi ya mjini, ile iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, ambayo karibu nusu yake ilikuwa haidrojeni, baada ya muda wakakuta haidrojeni imepungua na gesi nyingine, methani, imeongezeka, kumbe kuna viumbe humo chini vinavyoila. Spidi ya kula inategemea joto, chumvi na chakula kingine kilichomo, yaani unamodeli fizikia, kemia na viumbe hai kwa mpigo. Kwa hiyo mtu akikuletea namba moja tu ya kiasi kitakachorudi, bila kusema inaweza kukosea kwa kiasi gani, usiikubali. Inabidi uendeshe modeli mamia zenye makisio tofauti, uingize gesi kidogo, ulinganishe, urekebishe. Austria tangu 2023 wanajaribu haidrojeni kwenye mwamba wa zamani wa gesi huko Rubensdorf, na vipimo vya kweli kama hivyo ndo tunavyovihitaji sana.

SWALI: Kwahiyo gesi yote ukiiweka unaitoa?

JIBU: Hapana, hata mambo yakienda vizuri. Sehemu yake lazima ibaki humo kushikilia presha ili ile nyingine iweze kutoka, na kwenye miamba ya vitundu inayobaki ni nyingi kuliko kwenye pango la chumvi. Hiyo hesabu ifanyike kabla hujanunua hata bomba moja, maana gesi ya kubaki nayo inalipiwa.