Zile 504 na Land Rover ziliishia wapi?

SWALI: Mwanangu mhariri, hujambo? Mi nimekulia Iringa, miaka ya 70 barabarani ni Land Rover, Peugeot 504 na malori ya Bedford basi. Sa hivi nikisimama kituoni naona Toyota IST tu. Zile gari zilikuwa mbovu? Nauliza maana 504 ya marehemu mume wangu ipo nyuma ya nyumba na vijana wa skrepa wananisumbua. Mama, Iringa.

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Mbovu? Hapana kabisa mama, 504 springi zake laini, kwenye vumbi na makorongo ilikuwa inaelea. Kilichoziua ni spea. Baada ya vita ya Kagera, 1978 hadi 79, na mafuta nayo yakapanda bei dunia nzima, nchi ikaishiwa pesa za kigeni, gari ikikosa kifaa kidogo tu inapandishwa juu ya mawe inakaa miaka. Hata UDA, shirika la mabasi ya mji pale Dar, yale mabasi yake marefu ya Ikarus kutoka Hungary, kumbakumba, yakawa yanalala gereji moja moja, watu wakahamia pikapu za mabenchi mnakaa mnatazamana, tukaziita chai maharage, nauli shilingi tano, ile sarafu ya dala, ndo jina la daladala, mpaka 1983 serikali ikaziruhusu rasmi.

Halafu 1984 ikaruhusiwa mtu kuagiza vitu kwa pesa zake mwenyewe za kigeni, akaja mzee Mwinyi 1985 akafungua milango zaidi, ndo Japani ikaingia. Wale usukani wao uko kulia kama sisi, na ukaguzi wa gari kuukuu kwao ni ghali mno kwa hiyo wanaziuza bado nzima kabisa. Zikaja Toyota Hiace za abiria tukaziita vipanya, zikaja na basi ndogo za Coaster. IST yenyewe ina injini ya 1,300 au 1,500, mafuta inanusa tu, ushuru wa bidhaa huwa unapanda kwa ukubwa wa injini, na spea zake fundi yeyote chini ya mwembe anazijua. Hapo 504 ingeshindana vipi?

Land Rover 109, zile ndefu, zenyewe utazikuta bado, bodi ni alumini haili kutu kama bati.

Ile ya mzee usiwape watu wa skrepa mama, wanalipa kwa kilo. Ita kwanza fundi wa zamani aifungue boneti aone injini kama inazunguka.