Mrehani Hauhitaji Huruma Yako

Mirehani yangu mitatu ya mwanzo niliiua mwenyewe, tena kwa mapenzi. Kila nilipopita dirishani niliimwagia maji. Majani yakilegea, naongeza. Wa tatu ulipokufa niliung'oa, nikakuta mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza na kunuka uvundo. Kumbe mizizi ikioza haiwezi tena kunyonya maji, kwa hiyo mmea uliozama hunyauka sawasawa na wenye kiu.

Siku hizi siyaamini majani. Natia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa kukavu, namwagilia asubuhi hadi maji yatokee chini, kisha namwaga yaliyotuama kwenye kisahani. Kukiwa na unyevu, naenda zangu. Na chungu kisicho na matundu chini, hata kipendeze vipi, kiwekee maua ya plastiki.

Ukinunua uliokwisha kuota kwenye kikopo, uchunguze: mara nyingi si mmea mmoja bali miche kumi au zaidi iliyobanana, inanyang'anyana udongo kidogo. Lowesha, itenganishe taratibu, panda mitatu mitatu. Itasinyaa siku mbili tatu kivulini, halafu itasimama.

Lililoniwia gumu zaidi ni kukata. Nilikuwa nachuma majani makubwa ya chini na kukionea huruma kilele. Nikaishia na fimbo ndefu yenye kishungi juu. Fanya kinyume: mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata shina juu kidogo ya jozi mojawapo. Kwenye makwapa ya majani hayo vitachomoza vichipukizi viwili. Navyo vikikua, vikate vivyo hivyo, upate vinne. Kichaka hupatikana kwa mkasi, si kwa mbolea. Ila usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja.

Vilele usivile vyote. Kimoja chenye urefu wa kidole kivue majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Katika wiki moja au mbili hutoa mizizi, na una mche mwingine bure.

Upe mrehani jua lenyewe, si mwangaza tu, kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Baridi hauiwezi kabisa. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 majani huanza kuwa meusi. Ndiyo maana friji huyaharibu hata yaliyochumwa. Yaweke mezani kwenye maji, kama maua.

Vidukari huondoka kwa maji ya kupuliza. Lakini ukiona jani limepauka kuwa njano juu na chini lina vumbi la kijivu, huo ni ukungu: ng'oa mmea mzima, utupe mbali na wenzake.

Vishada vya maua vikate vikiwa vichanga, maana mmea ukishachanua majani hupungua na kuwa machungu. Mmoja huwa nauacha uchanue kwa ajili ya nyuki, na kwa mbegu. Mbegu hizo zikilowa hujivika utando wa utelezi. Mara ya kwanza nilidhani zimeoza, nikazitupa zote.